Ngome Yangu ya Yide Lu

Mnicheke tu, nimeshazoea. Msako wa viza ulipofika Yide Lu, mtaa wetu wa maduka huku kwa Wachina, nilimvuta Mama Neema, mfanyabiashara mwenzangu wa Moshi, mpaka ndani ya kanisa la mawe.

"Hili ni ngome," nikamwambia. "Ona kuta zilivyo nene, na madirisha membamba ya kurushia mishale. Polisi hapenyi humu. Mimi viza yangu safi, nakuhofia wewe."

Misa ya Kichina ilikuwa inaendelea. Mara mzee wa benchi la mbele akageuka, akaninyooshea mkono. Ngome imetekwa, nikawaza, nikamkabidhi pasipoti.

Mzee akaishika, akaduwaa. Mama Neema akaichukua, akaifungua.

"Baba Joshua, mzee alikuwa anakutakia amani," akaninong'oneza. "Na hii viza yako safi imekwisha tangu Pasaka."