Nusu kilo ya Akello: mizani niliyoitunza mwenyewe iligoma

Wakuu, za huko mliko. Mimi mzee wenu wa Naguru, shule niliachia darasa la tatu, herufi zikikosea mnivumilie. Ila haya nimeyaona kwa macho yangu, hata hili la kushoto lenye ukungu.

Nilikuwa natunza ukumbi wa mieleka. Nafagia, napiga deki mkeka, na mizani ni yangu. Mizani ya mshale, ya zamani. Hizi za betri sizipendi, lakini tuyaache hayo.

Alikuwepo Akello, binti wa marehemu rafiki yangu, tuliyekuwa naye polisi. Mieleka ya freestyle, uzito wa kilo 53. Alishapigana Misri, akapigana Senegal, akarudi na medali ya shaba. Mama yake akaipeleka kanisani ikaombewa.

Safari hii nafasi ya kwenda nje ilikuwa moja. Wanaoitaka wawili: Akello, na Furaha, mtoto wa Wakongo wa Nateete. Siku ya trials, yaani mchujo, ukizidi uzito unatolewa, hakuna huruma.

Akello alizidi nusu kilo.

Wakuu, sifichi. Chini ya mshale kuna kigurudumu cha kuweka sifuri. Nilikirudisha nyuma kwa kidole, mshale ukasoma 53. Kochi hakuona. Akello mwenyewe hakujua. Akapita, akashinda.

Furaha alikiona kidole. Alinitazama tu.

Wiki ya pili malaria ikamchukua Furaha, tukamzika.

Sifuri nilishairudisha mahali pake. Lakini kuanzia hapo Akello akipanda, 53 na nusu. Anakimbia na jaketi la nailoni mpaka Makindye na kurudi, 53 na nusu. Siku mbili maji tu, mashavu yameingia ndani: 53 na nusu ile ile.

Kochi akipanda, iko sawa. Gunia la mchele, sawa.

"Mzee, kwani nanenepa kwa hewa?" Anacheka, midomo imepasuka.

Na kila asubuhi nikifungua, kufuli salama, juu ya bati la mizani nakuta nyayo mbili za maji. Ndogo. Nazifuta kabla kochi hajaja.

Kochi akasema, "Kesho akizidi, hasafiri."

Nikaenda Nateete kwa mama Furaha, anauza vitenge. Sijakaa vizuri, akasema:

"Papa wa mizani. Mutoto anasema miguu inamuuma kusimama."

"Alisema lini, mama?"

"Leo asubuhi." Akaendelea kukunja kitenge.

Banange, jamani!

Kesho yake, mbele ya Akello na kochi, nikasema yote. Kisha nikaigeukia mizani tupu. "Furaha, mwanangu, nilikuibia. Shuka."

Mshale ukatikisika, hakuna mtu juu yake. Ukatulia.

Akello akapanda. 53 kamili.

Hakuna aliyeshangilia. Akello akashuka, akanigeukia. "Kwa hiyo, mzee, hii nafasi si yangu."

Akavaa viatu akatoka. Kochi alimwita mpaka barabarani. Timu iliondoka bila mtu wa 53, na mimi nikakabidhi funguo.

Nilidhani nambeba mtoto wa rafiki yangu. Angekosa safari moja, angekwenda nyingine kwa jasho lake. Sasa mkeka haukanyagi kabisa, na tukikutana njiani ananipita kama nguzo.

Wakuu, nyinyi mngesema mbele yake, au mngenyamaza apande ndege? Andikeni tu, nasoma polepole lakini nasoma.