Moto wa Pili wa Bi Batuli

Jua halijatoka. Katika ua wake mtaani Langoni, Amu, Bi Batuli ameinama kwenye mdomo wa tanuri, mkono umefungwa kitambaa kilicholowa, anabandika mikate ya mofa kwenye kuta za udongo. Harufu ya mtama imefika uchochoroni. Jasho linamtiririka, na ulimi haupumziki.

"Mchumia juani hula kivulini," anamwambia mwandishi akicheka. "Miye nachumia motoni. Ntala wapi, mwanangu?"

Ni wiki ya Maulidi, mwaka huu wa 1954. Wageni wamejaa mji, kutoka Faza hadi Mombasa, na hakuna aliyeliacha tumbo lake nyumbani. Kwa mpika mikate, wiki hii huzaa kuliko miezi miwili mizima.

Na safari hii Bi Batuli angeweza kuichuma peke yake.

Ng'ambo ya uchochoro anakaa Bi Nana, mpika mikate mwenziwe na mshindani wake tangu wote wawili walipokuwa maharusi. Kila asubuhi hurushiana maneno juu ya ukuta. Mkate wa Nana, kwa ushahidi wa Batuli, unafaa kugongea misumari. Mkate wa Batuli, kwa ushahidi wa Nana, hata paka huunusa akaenda zake.

Siku chache kabla ya Maulidi, tanuri la Nana lilipasuka kutoka mdomo hadi kitako. Tanuri jipya haliwezi kukauka upesi hivyo, naye alikuwa akiitegemea wiki hii kumwoza binti yake, Umi, mwezi ujao. Bila mikate ya Maulidi, hakuna harusi.

"Nilipopata habari nalitamani kupiga vigelegele," Batuli anasema, bila haya. "Kisha nkangoja matusi yake ya asubuhi, hayakuya. Siku ile nalichungulia ule ukuta mara tatu."

Akavaa buibui, akavuka uchochoro, akabisha hodi. "Ndoo kwangu, ulete unga wako," alimwambia. "Moto wa pili ni wako."

Moto wa pili ni lile joto linalobaki kwenye kuta baada ya mikate ya kwanza kubanduliwa. Kuni za mikoko zimepanda bei, mzigo mmoja sasa ni shilingi mbili, na bado joto hilo lilikuwa likipotea bure kila siku. Wasomi wakitaja uchumi, watu hufikiria benki na ushuru wa forodha. Hapa Langoni neno halijasahau kwamba limetoka kwenye kuchuma: nani ana unga, nani ana kuni, na moto ukishawaka umfae nani.

Nana anaingia na sinia la madonge kichwani. "Hodi, mwenye mikate ya kukimbiza paka!"

"Karibu, fundi wa misumari!"

Jana makapu yao yalichanganyika. Bwana Aqil, mwenye duka la pembeni, ambaye huapa kwamba hali mkate ila wa Nana, alimega kipande papo hapo akafumba macho. "Wallahi, huu ndio mkate! Si ule wa Batuli." Ulikuwa wa Batuli. Wanawake wale walicheka hadi wakakaa chini, na Bwana Aqil akanunua mwengine ili aibu imshuke.

Je, hapati hasara? "Ipo," anajibu Batuli. "Wateja wengine wangalikuwa wangu. Lakini mla cha mwenziwe na chake huliwa. Tanuri langu nalo ni udongo, si chuma."

Jua likipanda, makapu yote ni matupu. Umi anafagia jivu, uso mzima tabasamu. Mama yake ameshapeleka jibu kwa wakwe: siku ya harusi ni ile ile.

Uani kwa Nana tanuri jipya linakauka taratibu. Udongo wake uliletwa kutoka Kililana, ukakandwa na mikono minne, miwili ikiwa ya Batuli. Anapoulizwa anatumaini nini sasa, hafikirii hata kidogo.

"Nangoja asubuhi moya tu," anasema, akiutazama ukuta ule wa uchochoroni. "Nimsikie Nana, kwake, mbele ya tanuri lake, akiutukana mkate wangu. Hapo ndipo ntakapopiga vigelegele."