Sauti Niliyoifuta

Nafasi yangu ya masomo ya uzamivu niliipata kwa sababu aliyekuwa nayo alifariki. Tangazo halikusema hivyo. Lilikuwa na orodha ndefu ya nafasi za utafiti, kuanzia vyuma vya madaraja hadi usingizi wa popo, na katikati yake ile ya kuwachunguza wahudumu wa wazee kutoka Afrika Mashariki wanaofanya kazi Birmingham. Walitaka mtu ajuaye Kiswahili. Niliruka kwa furaha.

Ofisini chuoni, mtaa wa Edgbaston, nilikuta sweta ya marehemu bado iko kwenye kiti. Hakuna aliyethubutu kuiondoa, hata mimi. Nikawa naketi bila kuegemea.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyaweka kwenye maandishi mahojiano aliyoyarekodi. Nikavaa visikizio, naye akaniingia masikioni akihema, ametoka kupanda ngazi za mhudumu mmoja Mkenya kule Shard End.

"Shikamoo mama, pole na night shift."

Yule mama akamwambia akae kwanza anywe chai, research itangoja. Marehemu akacheka kicheko cha kukatikakatika. Kila mahojiano aliyaanza hivyo, dakika tano nzima za kuulizana watoto, mgongo na baridi. Mwongozo ulisema salamu niziruke. Kwenye maandishi niliziruka, lakini nilizisikiliza zote. Baada ya wiki chache nikawa namwitikia. Jirani yangu, yule wa popo, alinitazama mara moja akarudi kwenye popo wake.

Kisha mama mzazi wa yule marehemu akanipigia kutoka Tanga. Namba yangu alipewa na rafiki wa bintiye. Aliniita mwanangu kabla hata sijajitambulisha. Picha anazo nyingi, alisema, ila sauti hana.

"Sitaki maneno ya watu wengine. Nikatie yake tu, hata anaposalimia."

Nilimwahidi nitaangalia. Fomu walizosaini wahojiwa zilisema rekodi zisitoke ofisini, na zifutwe zikishaandikwa. Ningeweza kumuuliza msimamizi wangu. Sikumuuliza. Niliogopa, maana viza yangu ilitegemea nafasi ile, na mimi ni mwoga wa karatasi tangu zamani. Siku nilipomaliza kuandika nilibonyeza, nikathibitisha, zikafutika zote. Hadi leo nikipanda ngazi za watu namsikia anahema nyuma yangu, nami sigeuki.

Wiki iliyofuata, tukiwa kwenye mazungumzo mengine kabisa, nilimtajia msimamizi ombi la yule mama. Akaweka kikombe chini. Alisema sauti ya binti katika zile salamu haikuwa siri ya mhojiwa yeyote; angeniruhusu kuikata siku hiyohiyo, laiti ningeuliza. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mama alipopiga tena nilimdanganya. Nilimwambia rekodi zimeharibika, mashine ndivyo zilivyo. Akaanza kunifariji. Nisijitie huzuni, alisema, nimejaribu, na kumsumbua mwanafunzi na mambo ya msiba si vizuri. Akaniombea dua, taratibu, kama anamwombea mtoto aliye mbele yake.

"Mungu akufanyie wepesi, mwanangu. Umalize, urudi salama kwa mama yako."

Alingoja niitikie amina. Haikutoka.