Wakili Niliyemfuta Kazi

Dada yangu mdogo alipolazwa hospitalini, mumewe alitoroka akawaacha wasichana wao wawili peke yao nyumbani, huko Othaya. Jirani akapiga ripoti, na afisa wa watoto akawapeleka kwenye makao ya watoto Nyeri. Jirani simlaumu. Aliwakuta wakitafuna mahindi makavu.

Mimi naishi Mweiga. Nilipopata habari, nilitaka korti inipe watoto hadi mama yao apone. Watu wa kanisani wakaniambia nitafute wakili, wakanielekeza kwa mmoja mwenye ofisi kubwa. Alinisikiliza huku akiangalia simu.

"Mama, hii ni kesi ndogo. Niachie mimi."

Nikamwachia. Siku ya kesi alifika hakimu akiwa ameshaketi. Akarekebisha tai, akasema anamwakilisha mama mkubwa wa wavulana wawili.

"Wavulana?" hakimu akauliza.

Akapekua faili, kisha akaomba kesi iahirishwe ajipange. Ikaahirishwa. Yule msichana mdogo, aliyeletwa kortini na afisa wa watoto pamoja na dada yake, alikuwa ameshafunga vifungo vya koti, akidhani tunaenda nyumbani. Afisa akamshika mkono, akamrudisha makaoni akilia.

Nilimfuata wakili nje. "Umeenda kuwaona hata mara moja?"

"Mama, mimi si yaya. Hizi kesi huendanga hivyo."

"Basi yangu isiende na wewe. Nipatie faili yangu."

Nilienda ofisi nyingine, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa wakili mwanamke wa makamo. Safari hii nilimhoji kabla hajafungua kalamu. Ameshughulikia kesi ngapi za watoto? Ataenda kuwaona lini? Hakukasirika. Aliniuliza wasichana wanaogopa nini, nikamwambia hata mimi sijawauliza.

"Basi twende tukawaulize," akasema.

Tulienda. Kesi iliporudi, alimweleza hakimu kwamba yule mdogo hawezi kulala bila dada yake, ilhali makaoni walitenganishwa vyumba. Hakimu akanipa watoto. Mama yao alipotoka hospitalini, naye akaja tukakaa pamoja.

Lakini wiki za kwanza yule mdogo hakuniita tata, yaani mama mkubwa kwa Kikuyu, jina alilozoea kuniita tangu ajue kusema. Aliniita madam, jinsi walivyofundishwa kuwaita wanawake kule makaoni, wakingoja kesi iliyoahirishwa. Alikuwa akisimama wima mlangoni, anangoja ruhusa ya kuingia jikoni. Watu huniambia nimsamehe yule wakili wa kwanza. Sijamsamehe, na sioni haraka ni ya nini.