Sanduku Lililosubiri Kujaa

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ndogo pale Voi, na mpaka leo nikiikumbuka kazi ile damu inanichemka. Kila kipande kilichokatwa katika chumba cha upasuaji nilikitia kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, nikakipanga katika sanduku la mbao la kwenda Nairobi kwa gari moshi, vikapimwe huko. Sanduku lilichukua chupa ishirini na nne. Mkuu wa maabara alikuwa na sheria yake: sanduku halisafiri likiwa na nafasi. Hakuna barua ya serikali iliyosema hivyo. Alijitungia tu, na sisi tukaifuata kama amri ya mbinguni.

Dada yangu mkubwa alitelemka kutoka Wusi, kwetu milimani, akiwa na uvimbe pajani, laini, wa ukubwa wa parachichi. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko mkali. Bila miguu miwili hulimi pale. Daktari wetu alikata kipande, akanieleza taratibu kwa kuwa alijua ni ndugu yangu. Nairobi walikuwa na njia mpya: rangi inayonasa protini fulani ndani ya seli. Rangi ikishika, basi ni uvimbe wa mafuta, unatolewa peke yake na mguu unabaki. Isiposhika, huenda ni saratani kali, na mguu utakatwa.

Chupa yake ilikuwa ya tano sandukuni. Nilimwomba mkuu tuipeleke hata peke yake. Hakuinua hata macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

"Kijana, ukianza kupeleka chupa za ndugu zako moja moja, wengine watasema nini? Ngoja sanduku lijae."

Nikangoja. Mkuu namkasirikia, lakini mimi najikasirikia zaidi. Stesheni ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na chupa ile ingeingia katika mfuko wa koti langu. Niliogopa kuitwa mtu wa upendeleo. Nilijiona mwadilifu kweli kweli, mjinga mimi.

Sanduku lilijaa wiki ya saba. Majibu yalipokuja, mkuu alinakili maneno mawili kwenye faili, "rangi haikushika," na barua yenyewe akaifungia kabatini. Daktari wetu alikuwa likizo. Aliyemshikia nafasi aliamini faili, akampeleka dada yangu hospitali kubwa ya Mombasa, na huko wakamkata mguu juu ya goti, karibu na nyonga.

Mpasuaji wa Mombasa hakuwa na sanduku la kujaza. Alituma Nairobi kipande kutoka kwenye mguu ule ule siku ya pili. Jibu lilirudi kwetu pia: rangi imeshika vizuri, ni mafuta. Chini yake msomaji wa vipande kule Nairobi aliuliza kwa nini hatukumpelekea kipande kipya kama alivyoomba.

Kama alivyoomba? Nilivunja kufuli la kabati mbele ya mkuu, naye hakunizuia. Barua ya kwanza ilikuwa humo. Iliandikwa wazi kwamba kipande kimekaa mno kwenye fomalini, protini zimefichika rangi isiweze kuzinasa, majibu haya yasitumiwe, kiletwe kingine. Mkuu alisema hakufika mstari wa chini. Nilimtukana kwa Kidawida, lugha ya kwetu, na kwa Kiswahili, na sijatubu.

Jumapili nilipanda Wusi kumwambia dada. Nilimkuta kitandani, shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Nilimweleza yote, hata ile barua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hizo wiki saba," akauliza, "chupa yangu ilikuwa kwa nani?"

"Kwangu, dada."

"Na stesheni unaijua."

"Naijua."

Aligeukia ukutani, akaniambia niondoke kabla watoto hawajarudi kutoka kanisani.