Nilishuhudia Kanisani Kwamba Mke Wangu Amepona

Bwana Mhariri, niwie radhi kwa kuchukua nafasi katika ukurasa wako, na tafadhali ulifiche jina langu. Mimi ni mzee wa miaka sitini na mitano, niliyesomeshwa misheni, nakaa karibu na Bungoma. Ni mgane, mke wangu alifariki mwaka juzi.

Zamani nilikuwa karani wa ghala la mahindi katika shamba la mzungu mmoja huko Kitale, naye mke wangu akipalilia. Siku moja mtoto wetu mchanga, aliyekuwa na homa, alilia pale alipolazwa kando ya shamba. Mama yake alimsikia, lakini nyapara alikuwa amesimama karibu, basi akaumaliza kwanza mstari wake. Siku ya pili mtoto akafa.

Tangu hapo aliniuliza neno lile lile asubuhi, mchana na jioni. "Karani, wewe umesoma. Kama ningaliuacha ule mstari, mtoto angalipona?"

"La, Mama. Ilikuwa ni homa."

Alikuwa akisonga ugali, na kabla haujaiva akiniuliza tena. Wanawake wenzake walimcheka: "Haya, mtwanga maji amekuja na kinu chake!" Nami baada ya mwaka mzima nilichoka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mama, kuuliza tena ni kukosa imani. Tangu leo sitajibu."

Hakuuliza tena. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba mke wangu amepona. Watu waliimba kwa furaha. Yeye aliketi upande wa wanawake, akiitazama mikono yake.

Mwaka juzi, tulipokwisha kumzika, binti yetu aliniambia, "Baba, Mama hakupona. Alikuwa akiniuliza mimi, tukienda mtoni. Akaniambia, 'Usimwambie Karani. Amekwisha kushuhudia, atapata aibu.'"

Binti huyo alikuwa na miaka saba alipoanza kuulizwa.

Sasa swali limehamia kwangu. Kama ningalimjibu mara moja zaidi? Nasali Baba Yetu, nikifika "utusamehe" narudi pale pale, wala siimalizi sala.

Mwezi uliopita binti yangu naye alifiwa na mtoto. Huniuliza, "Baba, kama ningalimpeleka hospitali Jumatatu?" Mumewe amechoka kumsikiliza. Wazee wa kanisa wamenijia wakasema, "Mzee, ushuhuda wako ule ndio dawa yake. Usimulie tena Jumapili hii, apate kutulia."

Nikiukana ushuhuda ule, watasema marehemu alilidanganya kanisa, hali mwongo ni mimi. Nikiurudia, binti yangu atanyamaza kama mama yake, na kunyamaza huko sasa nakujua.

Jana aliniuliza mara nne. Nilimjibu mara nne.

Wasomaji wapendwa, mnisamehe kwa barua ndefu. Nishaurini: Jumapili nitakapoitwa mbele, naye ameketi pale pale alipoketi mama yake, niseme nini?