Neno Lililozuia Kaburi

Kilichonitisha kwanza kilikuwa sauti. Ukutani, juu ya vichwa vyetu, palikuwa na ubao mkubwa mweusi wa ratiba ya ndege, wa aina ile ya zamani yenye vibao vidogo vya herufi vinavyozunguka. Tangu nifike asubuhi ulikuwa ukibadilika mstari mmoja mmoja, tak-tak-tak, kisha kimya. Karibu saa nne mistari yote iligeuka kwa pamoja, kwa kishindo kama cha debe la mbaazi kavu lililomwagwa juu ya mabati. Watu waliinua vichwa. Herufi zilipotulia, mbele ya kila safari palikuwa na neno moja, lile lile, kutoka juu hadi chini: imeahirishwa.

Nje ya madirisha hapakuwa na ndege wala uwanja. Palikuwa na ukungu mweupe uliokaa juu ya kioo kama chokaa.

Ilikuwa mwezi wa Februari, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika mji wa Ulaya ambako nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili katika elimu ya udongo. Baba yangu alikuwa amefariki Jumapili, nyumbani kwetu Matiliku. Alianguka kwenye tuta alilokuwa akilirekebisha, kabla mvua hazijaanza. Ndugu yangu aliniletea simu ya maandishi yenye maneno machache: baba hayuko tena, tufanyeje. Nami nilijibu siku ile ile niliyoipata, bila kufikiri, mimi ambaye hufikiri hata kabla ya kufunga kifungo cha koti. Niliandika: Ningojeni. Nakuja.

Lazima nieleze uzito wa neno hilo, kwa sababu kila kilichofuata kilitokana nalo. Nyumbani kwetu kaburi lililochimbwa halilali wazi. Sijui desturi hii ilianzia wapi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwahi kumwaga hata tone kwa ajili ya mizimu, lakini hii aliishika, na mchungaji wetu aliishika pia. Wanaume huanza kuchimba alfajiri, na kabla jua halijatua yule wa kulazwa humo lazima awe amelazwa. Kwa hiyo hakuna anayeinua sururu mpaka ijulikane kwamba kila anayengojwa amefika. Na kama mtoto wa kwanza ametamka mwenyewe kwamba angojwe, hakuna baba mdogo wala mchungaji anayeweza kulitangua neno lake. Hulitangua yeye, kwa kinywa chake. Mimi, ingawa ni binti, ndiye mtoto wa kwanza. Nilikuwa nimekaa miaka miwili mbali na watu wanaolijua jambo hili, na nilipokuwa nikiandika pale posta nilidhani ninawaarifu tu kuhusu safari.

Siku ya kwanza ya ukungu nilikaa juu ya sanduku langu nikiwaza na kuandika katika kijitabu, kwa utaratibu niliofundishwa. Ukungu ukiinuka adhuhuri, ndege itaruka jioni. Ikiruka jioni, nitakuwa Nairobi asubuhi, na Matiliku kabla ya chakula cha mchana. Haikuwa lazima kuwasumbua watu kwa simu. Adhuhuri ilipopita nilisogeza saa zote mbele na kuanza upya, na hoja ilikuwa bado imesimama. Ndiyo hatari ya hoja nzuri. Husimama hata juu ya hewa.

Ukumbi ulikuwa umegeuka soko bila bidhaa. Watu walilala juu ya makoti yao, watoto walilia kwa lugha nisizozijua, na kila mlango wa kuingilia ndege ulipofunguliwa kidogo tu, kundi zima lilisimama na kusukumana, kisha likarudi. Bwana mmoja mzee mwenye tai alimfokea msichana wa shirika la ndege mpaka akaishiwa na pumzi, akaketi, akamwomba msamaha. Shirika liliweka meza moja yenye simu. Kila abiria aliyekwama alipewa kijikaratasi chenye namba, na namba yake ikiitwa aliruhusiwa kupiga simu moja fupi, popote duniani.

Namba yangu iliitwa jioni ile ya kwanza. Nilifika mezani, nikaona nyuma yangu Mhindi aliyekuwa akijipangusa macho kwa ncha ya skafu, nikamwambia atangulie. Nilipewa namba nyingine. Siku ya pili iliitwa tena, na hiyo nikampa mama wa Kizungu mwenye mtoto mchanga. Alinishukuru mara tatu. Nilirudi kwenye sanduku langu nikijiona mtu mwema.

"Wakya," sauti ilisema nyuma yangu.

"Aa," nikaitikia kabla sijageuka, kama unavyoitikia njiani ukienda kisimani. Ndipo moyo ukaniruka. Nani angenisalimu kwa Kikamba mahali pale?

Alikuwa mwanamke mrefu, Msomali, wa umri wa mama yangu, amevaa baibui na juu yake sweta nene la kiume. Aliketi juu ya kifurushi chake bila kukaribishwa.

"Tangu jana nakuangalia unaandika-andika," alisema kwa Kiswahili cha kwetu. "Nikasema, huo uso ni wa Ukambani. Wa upande gani?"

"Matiliku, mama. Makueni."

"Mimi wa Kyuso. Usiangalie hii nguo. Nimezaliwa Kyuso, duka yangu iko Kyuso, hata kuota naota na Kikamba. Nilikuja kuona binti yangu amejifungua. Miezi mitatu sijaona jua! Nikamwuliza, huyu mume alikudanganya na nini mpaka ukakubali kuishi ndani ya friji?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na kicheko kilitoka vibaya, kikaishia kwingine. Aliningoja nimalize kulia. Hakunishika mkono wala kunibembeleza.

"Nani?" aliuliza.

"Baba."

"Amezikwa?"

"Bado. Wananingoja."

Aliijua desturi hiyo. Alikuwa ameishi nayo maisha yake yote, akiwauzia watu wetu sukari ya matanga. Kisha akauliza, polepole, "Uliwaambia wakungoje? Wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na tangu ukungu ushike umewapigia?"

Niligeuza ukurasa wa kijitabu.

"Ndio maana nimekuja kukaa hapa," alisema. "Jana namba yako imeitwa, ukampa Mhindi. Leo ukampa yule mzungu. Nikajiuliza, huyu msichana ni mkarimu ama ni mwoga?"

Nilianza kumweleza. Nilimwambia kuhusu hali ya hewa, na saa, na uwezekano wa ndege kuruka kabla ya jioni, na jinsi simu ya mapema ingeweza kuharibu mambo ambayo bado yangeweza kutengemaa. Nilizungumza kwa mpangilio mzuri. Alinisikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mteja akieleza kwa nini atalipa kesho.

"Mama yako analala wapi sasa?" alinikatiza.

Hilo sikuwa nimelitia katika hoja yangu. Kwetu mjane hulala chini, juu ya mkeka, mpaka siku ya maziko. Mama yangu alikuwa na maumivu ya mgongo ya miaka mingi. Niliona mkeka wenyewe, ule wenye ukingo wa zambarau, na sakafu ya saruji chini yake. Niliwaona shangazi zangu waliotoka mbali, moto wa matanga ambao hauruhusiwi kuzimika, na vijana wakitumwa tena na tena kutafuta kuni katika nchi isiyo na kuni nyingi. Niliona hayo yote yakizunguka neno langu moja.

"Nataka kumwona uso," nilisema. "Ni hilo tu. Nikiwaambia wachimbe, sitamwona."

"Hutamwona," alikubali.

Angeweza kuniambia jambo la kunifariji, na huenda ningelishika na kuendelea kungoja. Alivuta sweta magotini.

"Bwana yangu alikuwa mtu wa mifugo. Lori ilianguka na yeye karibu na Malili, asubuhi. Jioni alikuwa amezikwa, kwa sababu sisi hatukai na maiti. Mimi nafika kesho yake, nakuta mchanga imemwagiwa maji. Uso sikuona."

"Uliwasamehe?"

"Nilikasirika mwaka mzima. Hata sasa, siku zingine nikifunga duka nakasirika." Alinitazama. "Lakini yeye alikuwa amelala. Wako hajalala."

Alitoa tende katika mkoba, tukala. Baadaye aliniuliza kama udongo ni kitu cha kusomea kweli, mtu anavuka bahari kusoma udongo na Kyuso imejaa udongo wa bure. Nilimwambia baba yangu aliniuliza hivyo hivyo, na kwamba kesho yake alinipeleka shambani, akanionyesha kila tuta alilochimba kwa mikono yake, na udongo wa kila moja, ule unaoshika maji na ule unaoyapoteza. Nilipoanza chuo nilikuta nusu ya somo nalijua.

Namba yangu ya tatu iliitwa asubuhi iliyofuata. Ukungu ulikuwa vile vile. Mama wa Kyuso alichukua kalamu mkononi mwangu na kijitabu magotini, akavikalia.

"Nenda," alisema. "Nitachunga sanduku."

Nilimtajia msichana wa mezani namba fupi ya duka moja la Matiliku, duka pekee lililokuwa na simu. Utaratibu niliujua: unampata mwenye duka, anamtuma mtu nyumbani kwetu, nawe unapiga tena baada ya saa nzima. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba sina simu ya pili. Sauti za mitambo zilipokezana, moja ikiikabidhi nyingine, kila moja ikiwa mbali zaidi na ya kwanza, kisha nikamsikia mwenye duka.

"Halo! Halo! Ni wewe? Usikate! Usikate, wako hapa!"

Walikuwa pale. Sikuwa nimelifikiria hilo, mimi niliyefikiria kila kitu. Ilisikika vurugu ya viti, kisha pumzi nzito ya baba mdogo, ndugu wa baba anayemfuata.

"Umefika uwanja wa Embakasi?"

"Hapana, baba. Bado niko huku. Ndege haziruki."

"Haya." Alisubiri. "Tumekaa na simu ya huyu mtu siku ya tatu sasa. Mama yako amekataa kurudi nyumbani, amekaa hapa juu ya kreti ya soda. Anasema utapiga."

"Baba mdogo, msiningoje."

Nilidhani laini imekatika.

"Sema tena," alisema. "Mimi nimesikia. Sema mama yako asikie."

Simu ilihama mkono. Nilimsikia mama akipumua. Hakusema halo, hajawahi kusema halo kwenye simu. Nilisimama wima mbele ya meza ile, watu wakinisukuma mgongoni, nikasema kwa Kikamba, polepole, kama mtu anayeapa: kwamba nililoliandika nimelirudisha, kwamba wachimbe, wamlaze, mimi nitakuja kukuta udongo.

"Nimesikia," mama alisema. Kisha, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa tu: "Siku zote hizi simu haikuwako huko?"

"Ilikuwako, mama."

Msichana wa mezani alinionyesha saa yake. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuichukua simu, lakini hakuwa akizungumza nami tena. Alikuwa ameushusha mkono wa simu, na sauti yake ilinifikia kutoka upande, akiwaambia watu walioko dukani kwamba ni kesho alfajiri. Mtu aliuliza mtaimbo uko kwa nani. Mwingine akajibu kwamba pale juu pana mwamba, sururu mbili hazitatosha, aende mtu akaazime ya shule. Mama alisema jambo ambalo sikulidaka, na wote wakanyamaza kumsikiliza. Niliubana mkono wa simu sikioni kwa mikono yote miwili, nikawasikiliza wakigawana kazi ya kumchimbia baba yangu, mpaka laini ikakatika.